Anti, nina uvimbe kwenye mshipa wa sikio na sina wa kuongea naye

Wapendwa, tangu nilivyoandika hapa kwamba mimi mwenyewe nilitolewa uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio la kulia, meseji zimeingia mpaka nimeshindwa kujibu moja moja. Wengine mmesema hamjawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama mzazi. Basi leo ukurasa mzima ni wenu. Nimechukua barua chache, majina nimeyatoa, na mjue mimi sio dokta, najibu kama mtu aliyepita njia hiyo hiyo, mambo ya vipimo na dawa mnarudi kwa dokta wenu.

*Shikamoo Anti. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mwanza, nina miaka 41. Sikio la kushoto lilianza kulia kama mtu kawasha jenereta mbali huko, nikapewa dawa za matone karibu mwaka mzima. Mwezi wa pili nimepigwa MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, wakasema nina akustiki nyuroma ya milimita 14. Dokta kasema sio kansa, nirudi baada ya miezi 6 kupigwa tena. Anti, mtu anakuwaje na uvimbe kichwani afu anaambiwa akae tu? Silali. Mume wangu ananiambia nisiongelee kila saa, naona kachoka kunisikiliza.*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hiyo ya kutolala naijua, unalala kwa upande wa sikio zima ili usisikie kitu, kumbe ndo unabaki peke yako na ile kelele ya upande mwingine.

Nikueleze kwanza huo uvimbe uko wapi, maana mimi nilivyoelewa hofu ilishuka nusu. Nyuma ya sikio ndani kwa ndani kuna kitundu kwenye mfupa, kama bomba dogo hivi, mle inapita mishipa inayotoka sikioni kwenda kwenye ubongo, wa kusikia, wa kukufanya usimame bila kuyumba, na pamoja nao unapita mshipa unaoendesha uso. Uvimbe unaota kwenye ngozi inayofunika ule mshipa wa kusimama. Sio kansa, hausambai kwenda kwenye ini wala mapafu. Wengi hukua polepole sana, milimita 1 au 2 kwa mwaka, na mwingine unakaa miaka haukui kabisa. Ndo maana dokta kakwambia subiri. Hajakutupa, kusubiri kwa kupiga MRI ni tiba kamili kama zile zingine mbili, yaani mionzi, ambayo haiutoi uvimbe ila inausimamisha usikue, na oparesheni. Wako ni mdogo, una muda wa kufikiri. Wenye mkubwa unaoanza kusukuma ubongo hawana huo muda.

Ila miezi 6 isigeuke miaka 3. Tarehe ya MRI iandike ukutani. Na CD ya picha uwe nayo wewe nyumbani, sio ripoti ya karatasi peke yake, maana safari ijayo watalinganisha picha na picha, ukienda hospitali nyingine bila ile ya zamani wanaanza upya.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Wewe hujaniuliza tiba, umeniuliza uongee na nani.

Mimi ilianza hivi. Simu sikio la kulia ikawa naisikia mbali, nikajua spika imekufa, nikaipeleka kwa fundi Kariakoo. Yule kijana akaiweka sikioni kwake, akapiga, akasema mama simu yako nzima. Nikabishana naye. Nikahamia sikio la kushoto, maisha yakaendelea karibu miaka miwili, nimeoshwa nta mara tatu kwenye zahanati moja na kila mara wananiambia mama uko safi. Mpaka siku nimeangukia mlango wa bafuni ndo nikapelekwa kupimwa usikivu, halafu MRI. Siku ya majibu nimekaa kwenye benchi na bahasha, siwezi kusoma kilichoandikwa, pembeni yangu kuna mzee mmoja wa Kigoma kaja klinik, uso wake upande mmoja umelegea kidogo. Akaangalia bahasha akaniuliza, sikio? Nikamwambia sikio. Akasema, mimi nilitolewa mwaka wa tatu huu, nalima, naendesha baiskeli. Afu akaniambia kitu ambacho hakuna dokta aliwahi kuniambia mpaka leo, akasema mwanangu nunua tochi. Nikamuuliza ya nini. Akasema baada ya oparesheni mwili unasimama kwa kutumia macho, umeme ukikatika utaanguka kama gunia, basi lala na tochi chini ya mto.

Mdogo wangu, nililia pale kwenye benchi. Sio kwa uchungu. Ni kwamba mtu kaongea na mimi kuhusu mwaka kesho kama kitu ambacho kipo.

Dokta wangu alikuwa mzuri, anaujua uvimbe wangu kuliko mimi ninavyoujua. Ila yule mzee alijua jumatatu yangu itakuwaje. Unawahitaji wote wawili, na mume wako ananipa huruma kwa kweli, maana umembebesha kazi ya yule mzee na yeye hajawahi kuumwa hii kitu. Mpunguzie. Tafuta watu watatu, mmoja anayesubiri kama wewe, mmoja aliyepigwa mionzi, mmoja aliyefanyiwa oparesheni. Muulize nesi wa klinik ya masikio, pua na koo (ENT) pale unapotibiwa, au mtaalamu wa kupima usikivu, mwambie nikuachie namba yangu, akija mwenye tatizo kama langu na akiridhia mpe. Namba yako wewe ndo itoke, sio ya mwenzako, hapo nesi havunji siri ya mtu.

Na ukimpata usimuulize "nifanye nini". Muulize ulirudi kazini baada ya muda gani, ulilalaje, nani alikuogesha wiki ya kwanza, ulitumia hela gani ambazo hukuzipangia, kitu gani ungependa ungeambiwa mapema. Uvimbe wake sio wako, unaweza ukawa wa sentimita 3 umekaa pabaya, na yeye akakwambia toa haraka mdogo wangu, kwa nia njema kabisa, wakati wa kwako wa milimita 14 ungetulia. Chukua alichopitia maishani, uamuzi wake mwachie mwenyewe.

*Shangazi, mimi kijana wa Mombasa, miaka 29. Nimefanyiwa oparesheni ya huo uvimbe miezi miwili sasa, umetoka wote alhamdulillahi. Lakini uso wa upande wa kulia umelala, jicho halifungi, nikinywa chai inamwagika. Majirani wasema nimepata stroke, wengine wasema nimechezewa. Sitoki nje. Mchumba wangu hajaniona tangu nitoke hospitali, namwambia niko safarini. Kuna mtu alipona hii?*

Mwanangu, kwanza jicho, mengine baadaye. Jicho lisilofunga linakauka na likikauka linachubuka, na hata likikuuma usilipuuze, na likiwa halina hisia vizuri ndo hatari zaidi maana litaumia hujui. Matone ya machozi ya bandia mchana, kila baada ya muda mfupi, usisubiri liwashe. Usiku mafuta mazito ya jicho halafu unalifunga kwa plasta. Mimi nilionyeshwa na mwenzangu jinsi ya kuifunga: unavuta kope la juu chini kwa kidole kilichosafi mpaka lifunge kweli, unabandika plasta ya karatasi kwa mlalo kuanzia upande wa pua kwenda nje, na unakunja ncha yake kidogo ili asubuhi uwe na pa kushika, maana ukiing'oa kwa kucha unaondoka na kope. Ukiendesha bodaboda au ukipanda, miwani lazima. Na wiki hii nenda kwa dokta wa macho, hata kama unaona liko sawa.

Uso sasa. Kilichotokea ni kwamba mshipa wa uso unapita ubavuni mwa uvimbe, umebanwa nao kwa miaka, afu kwenye oparesheni ukaguswa. Hujapata stroke na hujachezewa na mtu. Swali la kumuuliza dokta aliyekupasua ni hili moja, mshipa wa uso ulibaki mzima? Kama ulibaki, mara nyingi unarudi, ila unarudi polepole kuliko utakavyopenda, miezi mingi, hata mwaka. Madokta wana kipimo chao cha kuanzia 1 mpaka 6, 1 ni uso wa kawaida, 6 haujongei kabisa, kinatumika tangu 1985, muulize wewe uko namba ngapi leo na uandike, ili ukikata tamaa uwe na cha kulinganisha. Mimi nilianzia 5, sasa niko 2, nikicheka sana ndo utaona. Mazoezi ya uso fanya na fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayeijua hiyo kazi, mbele ya kioo, taratibu. Usikubali kubanwa mashine za umeme za mtaani. Na mwaka ukiisha hauoni hata dalili ya kujongea, usikae kimya, zipo oparesheni za kuusaidia uso na zina muda wake, ukichelewa sana msuli unakuwa umeshakufa.

Umeniuliza kuna mtu alipona. Yule muigizaji wa Marekani Mark Ruffalo, anayecheza Hulk, alipatwa na uvimbe huu huu mwaka 2001, mkewe akiwa mjamzito, akakaa nao moyoni hakumwambia mpaka mtoto akazaliwa. Baada ya oparesheni uso wake ukalala upande mmoja karibu mwaka, mtu ambaye uso ndo jembe lake. Uso ukarudi. Sikio la kushoto halikurudi mpaka leo, na anaigiza. Amelisema mwenyewe hadharani na ninamshukuru kwa hilo.

Nataka uone pale pa kumficha mkewe. Na wewe uko safarini huku umelala chumba cha pili kutoka sebuleni. Mwanangu, mimi nilikaa na kanga usoni miezi minne, hata kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu nilikaa jikoni. Aliyenitoa ni mama mmoja tuliyekutana klinik, alikuja kwangu bila taarifa, kakaa mbele yangu tukala wali, na yeye uso wake upande ule ule umelala, mchuzi unamtoka anajifuta na leso anaendelea na stori yake kama hakuna kitu. Sikuhitaji aniambie neno. Mtafute wa hivyo hapo Mombasa, na mchumba muite nyumbani, mwambie jicho la kulia linafungwa na plasta saa 4 usiku na unahitaji mtu wa kukusaidia kuibandika.

Kitu kimoja zaidi na hiki kisome mara mbili. Ukiinama ukaona maji meupe, mepesi kama ya bomba, yanatoka puani upande mmoja, au koo lina ladha ya chumvi au ya chuma isiyoisha, au shingo imekakamaa na homa, usimuulize shangazi, usiulize grupu, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Hayo maji yanaweza kuwa ya ubongo.

*Anti habari za kazi. Niko Leicester. Mama yangu yuko Tanga, kaambiwa uvimbe ni sentimita 3 na nusu na anatakiwa apasuliwe Dar. Huku Uingereza kuna chama cha wagonjwa hawa, niliwapigia nikaunganishwa na mzee mmoja mpole sana akanieleza mpaka nikaelewa. Lakini mama Kiingereza hajui. Natamani kianzishwe kitu cha hivyo kwa Kiswahili. Pa kuanzia sipajui.*

Salama kaka, na hongera kwa kumhangaikia mama. Nikupe historia fupi kwa sababu itakupa moyo. Kule Marekani chama cha wagonjwa wa uvimbe huu kilianzishwa mwaka 1981 Pennsylvania na mama mmoja anaitwa Virginia Fickel Ehr, naye alikuwa mgonjwa, alipasuliwa akatafuta pa kusoma na mtu wa kuongea naye akakosa. Hakuwa dokta. Leo wana orodha ya wagonjwa waliojitolea kuongea na wapya kwa simu. Hicho hicho ndo ulichokipata Leicester. Sasa hebu fikiria yule mzee wako mpole alivyokusaidia wewe mtoto, je angemsaidiaje mama kama angejua kusema "kizunguzungu" na "mlio" na "uso kulegea" kwa maneno ya Tanga.

Pa kuanzia ni watu wawili. Sio mia. Mama yako akishapona atakuwa wa kwanza, na mimi nitakupa wa pili. Sisi kwetu tulianza wanne, tunakutana jumamosi ya mwisho wa mwezi nyumbani kwa mtu, na mapema tukagundua vitu ambavyo ningekushauri uviweke siku ya kwanza. Tunakaa duara, sio mistari, kwa sababu wote sikio moja limekufa, na anayeongea ananyoosha mkono ili tujue tuangalie wapi, maana mwenye sikio moja anasikia sauti ila hajui imetoka upande gani. TV na feni vinazimwa. Mtu mmoja anaongea kwa wakati. Sauti za WhatsApp tunaandika pia kwa maneno, wapo wasiosikia kabisa. Na mgonjwa mpya hatumpi stori zote siku moja, kuna mwenzetu alimwambia dada mmoja mambo ya kichwa chake kumuuma miaka mitatu baada ya oparesheni, ni kweli yametokea kwake na ana haki ya kuyasema, lakini yule dada alikuwa anapasuliwa kesho yake. Tangu hapo tunauliza kwanza, unataka kujua nini leo?

Ila msiwe na grupu la waliopona vizuri tu. Hilo ni kosa nimeliona. Waliopoteza uso, walioacha kazi, hao wananyamaza taratibu halafu wanatoka, na ndo waliokuwa wanahitaji kukaa.

Kwa mama yako, sentimita 3 na nusu ni mkubwa, msicheleweshe. Mwambie kabisa kwamba lile sikio huenda likazima moja kwa moja, na siku za kwanza dunia itazunguka, atatapika, kisha ubongo unajifunza kutumia upande uliobaki, na unajifunza kwa kutembea, sio kwa kulala. Mimi nilianza na korido, kidole kimoja kinagusa ukuta, kwenda na kurudi mara tano. Wiki ya pili kidole kikawa hakigusi.

*Anti, mwanangu ana miaka 17, wamekuta uvimbe masikio yote mawili. Je yuko kwenye kundi hilo hilo?*

Mama, yake ni tofauti na iko peke yake. Ikiwa pande zote mbili, hasa kwa kijana, madokta huwa wanafikiria ugonjwa wa kurithi uitwao NF2, unaotokana na hitilafu kwenye jeni, yale maelekezo ya kurithi ndani ya mwili, iliyoko kromosomu ya 22. Sio lazima itoke kwako au kwa baba yake, wengi inaanza kwao wenyewe, kwa hiyo naomba sana nyumbani asitafutwe mwenye makosa. Apate dokta anayeijua NF2, maana wanaangalia pia uti wa mgongo na macho, na akija kuzaa kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kurithi, atahitaji kuelezwa hilo na mtaalamu akiwa mtu mzima. Na sasa hivi, akiwa bado anasikia, muanze lugha ya alama familia nzima, sio yeye peke yake. Wenzake wa kukaa nao ni viziwi vijana, watamfundisha kuishi kuliko sisi wa sikio moja.

*Kuna mtu kwenye grupu letu anauza mafuta ya kudondosha sikioni anasema yanayeyusha uvimbe. Nijaribu?*

Usijaribu. Uvimbe uko nyuma ya ngoma ya sikio, ndani ya mfupa, hakuna tone linalofika huko. Na huyo mtoeni kwenye grupu leo, maana anajua watu wamefika pale wakiwa na hofu na ndo hofu hiyo anaiuzia.

*Anti, ni mume nauliza. Mke wangu alitolewa huo uvimbe mwaka jana, kapona, lakini siku hizi nikimuita hajibu, kwenye sherehe ananuna anataka kuondoka mapema, jioni kachoka hataki stori. Namkosea wapi?*

Humkosei baba, na asante kwa kuuliza, ni wanaume wachache wanaoandika. Ukimuita toka chumba kingine anasikia sauti lakini hajui uko wapi, na akizunguka kukutafuta anapata kizunguzungu, basi ananyamaza. Nenda mlangoni, aone mdomo wako, ndo uongee. Kwenye sherehe spika zinameza kila kitu, anakaa masaa matatu anabahatisha watu wanasema nini huku anatabasamu, hiyo kazi inachosha kuliko kulima, jioni hana kitu kimebaki. Mkifika mahali mchagulie kiti cha pembeni, ukuta uwe upande wa sikio lililokufa na watu upande wa zima. Kwenye daladala vile vile. Mkitembea barabarani wewe kaa upande asiosikia, pikipiki zinatokea huko. Na usiku ukizima taa ya chumbani, ya korido muachie.